Msafiri Aliyeachwa Nyumba ya Wageni

Ukimpelekea Bi Fufua kompyuta yako, usimwambie imekufa. Atakukazia macho, atakuuliza udaktari umesomea wapi, halafu atakuambia uketi. Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, miwani ya kamba shingoni, na chumba chake cha kazi ukinyoosha mikono miwili umekimaliza. Rafu zimejaa mashine ambazo mafundi wengine walizikatia tamaa. Jina hilo alipewa na wateja, naye hakulikataa.

Mteja akikaa zaidi ya nusu saa, lazima asimuliwe chanzo cha ufundi ule. Bi Fufua alipokuwa na miaka kumi na mitatu, yeye na kaka yake walicheza gemu kwenye kompyuta ya ofisini kwa baba yao, kila Jumamosi, baba akiwa anapanga majalada. Lilikuwa gemu la wasafiri wanne wanaoshuka mapangoni kumkomboa malkia aliyefungwa. Wasafiri unawaunda mwenyewe na kuwapa majina. Wa kaka aliitwa Jabali. Wa kwake alikuwa Kimbiza, msichana mwenye upinde. Wawili waliobaki walikuwa wa kujazia nafasi tu. Walicheza karibu mwaka mzima, wakawekeana ahadi kwamba hakuna kucheza peke yako, na mwisho wake watauona pamoja.

Kisha akaanguka ngazini shuleni, akavunjika paja, akalazwa wiki saba. Siku moja kaka akaja wodini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwambia paa la ofisi limevuja na disketi zote zenye gemu lao zimekufa. Alilia mpaka nesi akaja. Pale pale akaapa kwamba atajifunza kufufua vitu, na kweli akajifunza. "Kazi hii nimepewa na kaka yangu bila yeye kujua," ndivyo alivyokuwa akimalizia. Kaka mwenyewe akiwapo, alicheka na kuinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Mwaka huu mama yao akahamia kwa Bi Fufua. Katika kupangua sanduku la mama, chini kabisa ya mashuka, likatoka boksi la disketi nne.

"La kaka yako hilo," mama akasema. "Alinipa nimtunzie, nikasahau."

Sasa, huyu ni mtu aliyekausha mamia ya mashine zilizolowa. Maji anayajua, na alama zake anazijua kuliko viganja vyake. Lebo za disketi zile zilikuwa safi, wino umekaa mahali pake. Angejiuliza. Lakini kwa kaka yake alikuwa na imani ya mtoto mdogo, na imani ya namna hiyo haina maswali.

Akaanza kazi. Kisomea disketi alikichomoa kwenye mashine chakavu. Ukungu akaufuta kwa pamba na spiriti. Disketi ya tatu ikaleta kiburi, akairudia mara thelathini na kitu mpaka ikasalimu amri. Kulichezesha gemu lenyewe ndiko kulikokuwa kazi. Kompyuta ya leo ililikataa katakata, na alipolilazimisha, likatoka mbio. Gemu za zamani zile hupima muda kwa mwendo wa mashine, na mashine ya sasa mwendo wake ni wazimu. Kabla hajagusa kitufe, siku ishirini za safari zilikuwa zimepita na wasafiri wote wanne wamekufa njaa. Alicheka peke yake hadi mama akaja kuchungulia.

Dawa ilikuwa programu ya kuigiza kompyuta ya zamani, ili gemu liamini kwamba bado liko zama zake. Akarekebisha mwendo, kisha rangi, kisha sauti iliyokuwa inakoroma. Wiki tatu ziliishia hapo. Wateja walikuja na kurudi, akawaambia wana haraka ya nini, kwani wanaolewa?

Akampigia kaka simu. "Jumamosi njoo dukani, na usiniletee udhuru."

"Kuna nini?"

"Disketi zetu zimefufuka."

"Si zilishaharibika zile?"

"Kwa mafundi wengine," akasema, akacheka.

"Haya, mdogo wangu. Nakuja tulimalize gemu."

Ijumaa mchana akaketi kuandaa. Kwenye gemu kulikuwa na safari mbili zilizohifadhiwa. Ya kwanza aliijua, ndipo walipoishia. Ya pili hakuijua, akaifungua. Juu ya kioo kulikuwa na maneno kwamba malkia yu huru. Chini yake walikuwa Jabali, wale wawili wa kujazia, na msafiri wa nne aliyeitwa Bingwa. Bingwa lilikuwa jina la utani la rafiki ya kaka, kijana wa mtaa wa nyuma.

Katika gemu lile safari haipokei watu watano. Ukitaka kumwingiza mpya, sharti umwache mmoja kwenye nyumba ya wageni. Bi Fufua akawarudisha wasafiri mjini, akafungua daftari la wageni. Jina lilikuwa moja tu: Kimbiza, anasubiri kuitwa.

Akatazama tarehe ya safari ile. Kompyuta ya baba haikuwa na saa inayodumu, kila ukiiwasha inakuuliza leo tarehe ngapi. Watoto wengine wangebonyeza tu na kupita. Hawa walilelewa na mtunza majalada, na anayekosea tarehe alikuwa anatolewa nje. Kwa hiyo kaka, hata katika kuiba, aliandika tarehe sahihi. Ilikuwa wiki ya tatu ya wodini.

"Mama," akauliza, "ofisi ya baba iliwahi kuvuja?"

"Ivuje vipi? Si ilikuwa ghorofa ya chini, na juu yake kuna watu?"

Na Bi Fufua mwenyewe alikuwa akiingia ofisini mle kila Jumamosi. Miaka thelathini na mitatu amesimulia paa ambalo halikuwapo. Aliona haya kwanza, haya ya kufanywa mjinga, kisha uchungu ukampanda. Alikula yamini ya maisha yake yote juu ya uongo, na aliyemdanganya alikuwa akikaa dukani mwake kusikiliza uongo ule ukisimuliwa kwa wateja.

Jumamosi kaka akafika na kitambi chake na soda mbili baridi, akavuta kiti. Dada akamfungulia ile safari ya pili.

Kaka akasoma. Soda akaiweka chini.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Na ulikuwa unaumwa."

"Ndiyo, nilikuwa naumwa. Ukamleta Bingwa."

"Alinisumbua sana. Tulipomaliza nikaogopa. Nikaona nikikuambia utalia."

"Na nililia."

"Ni gemu tu, mdogo wangu. Mambo ya zamani hayo."

"Gemu sawa. Na paa? Umelisikia likivuja humu ndani mara ngapi?"

Kaka aliyatazama magoti yake, na safari hii hakukuwa na wa kudhani ni unyenyekevu.

Dada akavua miwani. Kulikuwa na jambo moja bado analitaka, na alijichukia kwa kulitaka. "Basi niambie wewe. Malkia alisema nini alipotoka? Mwisho wake ulikuwaje?"

Kaka akakunja uso, akafikiri kwa dhati. Ilionekana kweli anatafuta.

"Nimesahau," akasema.

Bi Fufua akaizima mashine. Kaka akasema wanaweza kuanza upya, wote wawili, hata leo. Dada akavuta karibu kompyuta ya mwalimu mmoja iliyokuwa ikisubiri tangu wiki zile tatu, akaanza kufungua skrubu za mgongoni. Kaka alikaa dakika kadhaa, akainuka, akaaga.

"Karibu tena," akamjibu, vile vile anavyowaambia wateja.