Maziwa Yaliyopikwa kwa Moshi

Siku ya kwanza niliambiwa niwe mdomo, si kichwa. Aliyeniambia ni msimamizi wa kliniki ya wagonjwa wa nje hapa Garissa, ambako kila Jumatano madaktari wanaosomea ubingwa wa magonjwa ya kuambukiza huja kujifunza. Wao wanauliza kwa Kiswahili, mimi nauliza kwa Kisomali, jibu linarudi njia ileile. Nilikubali ili nipate kukaa mle ndani. Niliacha shule darasa la sita, nimevusha watu mto Tana kule Masalani, nimepakia mbuzi kwenye malori hadi Lafey, na sijaona mahali penye maswali mengi kama chumba kile.

Mwanafunzi huonana na mgonjwa kwanza, kisha hutoka koridoni kumweleza mwalimu wake, daktari bingwa mfupi asiyependa maneno mengi.

Jumatano moja aliingia mama muuza maziwa ya ngamia kutoka mtaa wa Galbet. Homa ilimjia na kuondoka tangu kabla ya mvua, na kiuno kilimuuma hata hawezi kuinua jerikani. Alimwaga mezani maboksi matupu: dawa za malaria, za taifodi, za malaria tena.

"Mwambie daktari akinipa hizi tena nitafungua duka la dawa."

Mwanafunzi, kijana mpole wa Nairobi, alicheka. "Muulize kama anakunywa maziwa mabichi."

Nikauliza. Mama akawaka. "Mimi? Mabichi? Kwangu hakuna uchafu huo!"

"Anasema hanywi," nikasema, kama mdomo mwema. Akaandika, akatoka.

Lakini nilijua. Mama yangu naye alikuwa akitia kijinga cha moto ndani ya chombo cha maziwa, anafunika, moshi unashika kuta. Siku hizi hata jerikani za plastiki hufukizwa. Maziwa yakiingia humo, kwetu yameshapikwa. Hayajaonja moto hata kidogo, ila ukimwambia mwenyewe kuwa ni mabichi umemtukana.

Nikamfuata mwanafunzi koridoni.

"Maziwa mabichi hatumii," alikuwa akimwambia mwalimu, "kwa hiyo brusela nimeiondoa. Nafikiri taifodi imerudi."

"Si kweli," nikasema.

Msimamizi aliinuka mezani pake. "Wee mkalimani! Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema." Nikaeleza habari ya moshi, haraka, kabla hajanifikia.

Mwalimu alimgeukia mwanafunzi wake. "Rudi. Usimuulize kama ni mabichi. Mwambie akuoneshe anachofanya tangu yanapotoka kwa ngamia mpaka anayanywa."

Mama alionesha kwa mikono, boksi la dawa likiwa badala ya jerikani. Mwanafunzi akauliza moto unayagusa wakati gani.

"Moto wa nini? Kwani ni chai?"

Akatolewa damu. Nilipokuwa natoka, msimamizi aliniambia Jumatano ijayo nisije.

Nilikuja. Alinikuta nimeshaketi kwenye kiti changu.

"Nilisema mdomo tu," akasema.

"Mdomo umekuja na kichwa chake. Havitengani."

Akamtazama mwalimu, naye mwalimu akaniashiria niingie. Majibu yalikuwa yametoka: brusela, ile homa inayotoka kwa mifugo na maziwa yake. Dawa za aina mbili, wiki nyingi, bila kuruka siku. Na maziwa yachemshwe.

Mama alinigeukia mimi, si daktari. "Ya ngamia? Yachemshwe? Halafu nimuuzie nani?"

Ningeweza kulainisha. Nilifasiri yote, pamoja na ule mguno wake. Mwanafunzi akasema, "Aanze na kikombe chake mwenyewe." Mama akakusanya dawa.

"Changu tu," akasema. "Na mwambie sijakubali."

Dawa zake zilipokaribia kuisha nilipita Galbet. Alikuwa amesimama wima, anainua jerikani kwa mkono mmoja huku akigombana na mteja. Aliponiona alichota kikombe kutoka kwenye sufuria iliyokuwa pembeni.

"Haya nimechemsha. Kunywa, uone ulivyoniharibia."

Nikanywa. Yalikuwa mabaya kweli. Nilimaliza kikombe chote mbele yake, nikamrudishia, nikamwambia aongeze.