Msitu wa Mabati

Saa mbili asubuhi amesimama juu ya kiti cha kuazima, anachungulia paa la mshona viatu. Mkono mmoja umeshika simu, wa pili picha ya mtaa iliyopigwa na setilaiti. Kwenye picha paa hilo ni doa la kijani, na kompyuta imeliandika: mti.

"Bati," anasema, akibonyeza simu. "La mia tatu na tisa."

"Watu wa kodi usiwaambie," anasema mshona viatu, akishikilia kiti kisiyumbe.

"Shemeji, mimi natafuta kivuli. Bati lako baki nalo."

Wanamwita Mama Kijani. Kwa miaka kumi na mmoja alipaka mapaa rangi ya kijani, mpaka goti likagoma. Siku moja alikwenda kupaka kuta za ofisi ya ramani ya jiji, akaanza kuuliza maswali, na hakuacha mpaka wakamfundisha. Huu ni mwaka wake wa nne wa kukagua picha za angani: wapi pamejengwa, wapi kijito kimehama, wapi miti imepungua.

Mwezi uliopita ofisi ilichora ramani ya vivuli. Jiji litagawa miche kwa mitaa yenye miti michache. Mtaa huu alikozaliwa, ambako mama yake bado anaishi, haukuwemo. Kompyuta ilisema una miti tele.

"Nilitazama ile picha nikacheka peke yangu," anasimulia. "Msitu wenyewe ulikuwa rangi yangu."

Mama yake alipopewa habari hizo alitikisa kichwa. "Miaka sitini naishi msituni, na hakuna aliyeniambia."

Mkuu wa ofisi hakumbishia, lakini alitaka ushahidi. Madoa yote 420 yakaguliwe kwa macho kabla orodha haijafungwa kesho jioni. Miti ya kweli ikizidi thelathini, mtaa umekosa miche.

Anahamishia kiti nyumba inayofuata. Doa lake ni kubwa, na anakumbuka vizuri kulipaka paa hilo. Anapopanda kiti anakuta mti mnene umelifunika lote.

"Andika bati tu, mwanangu," anasema mwenye nyumba. "Si lipo hapo chini? Nani atajua?"

"Nitajua mimi, mjomba. Nikidanganya hapa, na yale mia tatu yatakuwa ya uongo."

Anaandika: mti. Ni wa kumi na saba.

Hadi jioni amekagua madoa 372. Miti imefika ishirini na minne. Yamebaki madoa 48, yote kando ya kijito, upande ambao hakuwahi kupaka hata bati moja; kijani cha huko huenda ni miti kweli.

"Natamani watoto wa huku wacheze nje saa saba mchana bila kuungua," anasema, akielekea kwa mama yake huku akichechemea.

Anamkuta mlangoni, jembe mkononi, mbele yake shimo jipya.

"Mama, miche yenyewe hatujapewa."

"Najua. Ila udongo leo ulikuwa laini."

"Na tukikosa?"

"Nitatafuta mche mwingine. Wewe kalale, kesho una vya kuhesabu."

Haendi kulala. Anaketi kizingitini, anatandaza picha juu ya magoti, na kwa kalamu nyekundu anaanza kuchora njia ya kesho, kutoka doa la kwanza la kijitoni.