Mama Shuka Aenda Kutandikiwa

Itangazwe kwa wote wenye pumzi: Mama Shuka, aliyetandika vitanda vya hoteli ujana wake wote, leo amewasili ng'ambo kutandikiwa. Safari hii kaing'ang'ania mumewe, fundi viatu, ambaye hajawahi kumwona mkewe amekaa tu.

Walipofika hotelini, kitanda cha chumba chao kilikuwa hakijatandikwa. Mhudumu hajamaliza kuomba radhi, Mama Shuka keshashika pembe ya shuka.

"Mke wangu, nimekuleta upumzike!"

"Shika huko, baba watoto."

Maskini akashika. Wakavuta na kuchomeka, mhudumu akiwacheka, mpaka kitanda kikanyooka kama meza.

Mhudumu alipotoka, mume akakaa kitandani, akamnyooshea mkono. "Haya, malkia wangu, njoo ukae na wewe."

"Inuka, unakunja shuka."