Wageni wa Karakana

Miaka ile ya sabini, karakana ya mbao niliyofanyia kazi mjini Nyeri ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu aliyeandikishwa kwa serikali, naye alikuwa binamu ya tajiri wetu. Sisi wengine tulikuwa wageni. Kila mara afisa wa leba, mkaguzi wa wafanyakazi, alipoonekana akisukuma baiskeli kupanda kilima, tajiri aligonga ubao kwa nyundo, nasi tukavua aproni, tukapangusa vumbi la mbao nyweleni na kuketi kwenye viti vilevile tulivyokuwa tukivitengeneza. Mkewe alileta birika. Kufumba na kufumbua, tulikuwa watu waliokuja kusalimia, kila mmoja na kikombe chake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kupaka vanishi, na mchezo huo uliniudhi kupita kiasi. Fundi wa msumeno, mtu wa kutoka magharibi ya nchi, alinicheka.

"Dada, tukiandikishwa si watatukata mshahara? Mimi niko sawa hivi."

Tajiri naye alisema akituandikisha sote atafunga karakana. Basi kila mtu akajiona mjanja. Mimi nilichungulia barabara kutwa nzima, na hata leo nikisikia nyundo ikigonga kisha ikanyamaza, nainuka kitini.

Asubuhi moja ya baridi msumeno ulimnasa fundi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilibaki vikining'inia kwa ngozi. Nilikuwa nikiufunga mkono ule kwa kitambaa changu cha kichwa niliposikia nyundo.

Nilitaka kupiga mayowe. Tajiri alitutazama, akanong'ona, "Kaa chini kidogo tu. Ataenda sasa hivi." Fundi akaketi. Mkono akauficha ndani ya koti, kikombe akakishika kwa kushoto.

Sasa, kwetu mtu haingii kwako akatoka bila chai. Mama, mke wa tajiri, alimmiminia afisa, na afisa, aliyekuwa amepigwa na baridi njia nzima, akaketi kwa raha zake. Akauliza habari za mahindi. Akasifu maziwa. Kikombe kilipoisha, Mama akamwongezea kwa mazoea tu, nami nikatamani kumpokonya lile birika. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena. Fundi alikuwa akitokwa na jasho.

"Huyu ni mgonjwa?" afisa akauliza.

"Ako na malaria," tajiri akajibu upesi. "Ni mgeni yetu, alikuja tu kutuona."

"Pole sana, ndugu."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Afisa alipoondoka tulimkimbiza hospitalini, lakini jeraha lilikuwa limeingia uchafu. Mwishowe walimkata mkono pale kifundoni. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Tajiri, nimpe haki yake, hakumkana fundi. Alikwenda mwenyewe kwa watu wa bima akawaeleza kila kitu, nao wakamwambia kwamba wao wanamjua binamu yake tu. Akauza msumeno ili alipe hospitali. Bila msumeno karakana haikuwa karakana tena. Na fundi alikuwa na watoto nyumbani, na kazi aliyoijua ilitaka mikono miwili. Lililobaki ni kwenda ofisi ya leba kuomba fidia, kama serikali ingekubali kwamba aliumia kazini.

Tulikwenda pamoja, yeye, tajiri na mimi. Afisa alikuwa ni yuleyule. Tajiri alianza kueleza, lakini afisa alikuwa amemkazia macho fundi, na uso wake ukachangamka.

"Lakini mimi nakujua," akasema. "Si wewe ndiye yule mgeni ulikuwa na malaria siku ile?"

Hakuwa akimdhihaki. Alikuwa anakumbuka tu alichoambiwa. Tajiri aliinamisha kichwa. Fundi akautoa mkono mfukoni, ule usio na kiganja, akauweka juu ya meza ya afisa.