Mfalme wa Gita wa Magomeni

Habari hii ni ya Raheli, lakini huwezi kumfikia Raheli bila kumpitia kwanza mume wake, kama vile aendaye kisimani hana budi kukanyaga tope. Mume aliitwa Elia Mwakalinga. Alikuwa karani wa kampuni moja ya mizigo bandarini hapa Mtwara, mtu wa Tukuyu aliyehamishiwa huku na familia yake. Walipanga nyumba Magomeni, mimi na wao tukitenganishwa na uzio wa makuti.

Raheli alipiga gita la solo katika kwaya yetu. Alifundishwa na baba yake tangu mdogo, akachapwa, akalia, akajua. Mimi huimba sauti ya pili, na nafasi yangu ilikuwa mbele yake, kwa hiyo lile gita nilikuwa nalisikia mgongoni. Siku nyingine lilinisahaulisha maneno ya wimbo. Elia hakuja kumsikiliza hata mara moja. Alisema mwanamke mwenye mtoto kukumbatia gita mbele za watu si heshima, na kwamba nyumbani litampigia kelele. Basi gita la Raheli likawa linalala kanisani.

Ndipo Sajid, mtoto wa Mohsinali mwenye duka la runinga mjini, akaleta mashine za gemu zenye magita ya plastiki. Elia akanunua moja.

Niliiona siku nilipokwenda kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Elia alisimama katikati ya sebule, miguu kaitanua, kichwa anakitikisa. Gita lake halikuwa na uzi hata mmoja. Shingoni lilikuwa na vitufe vitano vya rangi, na tumboni kidude cha kutekenya kwa kidole. Kwenye runinga kulikuwa na barabara, na vidoa vya rangi vinateremka. Ukibonyeza rangi ileile kwa wakati wake, wimbo waliorekodi watu wengine huko kwao unaendelea. Ukikosea, unakatika. Mwisho watu wa katuni wanakupigia makofi. Ndiyo kazi yote.

"Mama Faraja, unasikia solo hiyo?" Elia aliita kuelekea jikoni.

"Nasikia, baba Faraja. Nani anapiga?"

"Si ni mimi hapa!"

Raheli aligeuza chapati.

Kila Jumamosi wenzake wa kazini walikuja kumtazama. Mmoja wao, Kelvin, kijana mwenye mdomo, siku moja alisema, "Mpe shemeji naye ajaribu, si ndiye fundi wa kwaya?" Elia akamvika Raheli ile plastiki. Maskini, Raheli alifanya kile anachokijua: alisikiliza. Alisikia wimbo unaelekea wapi, vidole vikaufuata huko, wakati mashine haikutaka kusikilizwa, ilitaka kubonyezwa. Wale watu wa katuni wakamzomea, wimbo ukazimwa. Elia alicheka mpaka akafuta machozi.

"Ndiyo maana nikasema gita si mambo ya akina mama."

Raheli aliivua akaiweka kwenye kochi taratibu, kama mtu anayerudisha mezani kikombe alichokikuta kichafu. Jioni, pale uziani, aliniambia, "Nilidhani nitakasirika, dada. Nimemtazama, nikaona hakuna mtu pale wa kumkasirikia."

Haikupita muda, Sajid akaandaa mashindano dukani kwake ili mashine zitoke. Elia akawashinda vijana wa chuo, akapigwa picha kakenua meno, na picha hiyo ikatundikwa kwenye bango kubwa mbele ya duka: MFALME WA GITA MTWARA. Sajid mwenyewe, ukimuuliza, alikujibu bila kuficha, "Tangazo la biashara tu hilo, gemu." Lakini wangapi huuliza?

Hawakuuliza wakubwa wetu wa kanisa. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na wageni walialikwa kutoka mitaa ya nje ya mji, hata kijijini Mpapura. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mikaeli, afisa mstaafu anayependa kuitwa mheshimiwa, alipita mjini na bajaji akaliona bango. Kesho yake akamwita Elia: kumbe tunaye mfalme humu ndani na tunahangaika na mama! Mwanamume mwenye chembe ya haya angesema, "Mzee, mimi nabonyeza vitufe." Elia alisema, "Ngoja niangalie ratiba yangu."

Raheli akaambiwa apumzike. Na wimbo wa siku ile alikuwa ameutunga yeye. Alitufundisha tangu mikorosho ikiwa na maua, sauti baada ya sauti, na katikati aliacha nafasi ya gita peke yake, sehemu moja tamu sana iliyotunyamazisha hata sisi tulioizoea.

Mfalme alirudi nyumbani akakaa, akala, akakohoa. Maneno haya alinisimulia Raheli mwenyewe.

"Mama Faraja, nimefikiria. Wewe utakaa kwenye kile chumba cha vyombo nyuma ya madhabahu, upige. Waya upite chini ya mlango. Mimi nitasimama mbele na gita jingine. Watu wanataka kumwona mtu wa kwenye bango. Sauti inatoka wapi, nani anajali?"

"Yaani mimi niwe ile mashine yako."

"Usikuze mambo. Maandiko yanasema sisi ni mwili mmoja."

Raheli aliniambia hapo alicheka, cheko la kweli, mpaka Faraja akaja kuuliza kuna nini. Kisha akakubali.

"Umekubali?" nilimshangaa. "Umekubali nini, Raheli?"

"Wimbo ni wangu. Siwezi kuuacha uimbwe kiwete kwa sababu ya mpumbavu mmoja."

Siku ya mavuno kanisa lilijaa mpaka barazani. Magunia ya korosho, mihogo, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu. Elia aliingia na miwani ya jua, ndani ya kanisa, suti nyeusi na viatu vya kuchongoka. Mwalimu wetu wa kwaya, Isaya, ambaye alijua siri na kuimeza kama dawa chungu, alitupa sauti, tukaanza. Gita likaanza. Elia naye akawa anapitisha vidole juu ya nyuzi bila kuzigusa, mabega yanapanda na kushuka, uso kaukunja kama anazaa. Watu wakavutiwa. Mzee Mikaeli akatikisa kichwa kwa fahari.

Tukafika pale katikati, tukanyamaza, gita likabaki peke yake. Na wakati huohuo mkuu wa Elia kutoka bandarini, aliyechelewa, akaingia na mkewe akaonyeshwa kiti cha mbele. Elia akamwona. Nyumbani, vidoa vikipungua, alizoea kuinua mikono kupokea makofi ya watu wake wa katuni. Basi akainua mkono mmoja kumsalimia bosi. Akaona haitoshi, akainua wa pili, akaanza kupiga makofi juu ya kichwa ili watu wamfuate. Gita linaning'inia tumboni, halina mkono, na solo inazidi kulia.

Wengine walimfuata, kisha makofi yakakatika moja moja. Bibi mmoja wa Mpapura, aliyekuja na kikapu cha choroko, akamuuliza jirani yake kwa sauti ambayo hata viziwi waliipata, "Mwanangu, la huku mjini linajipiga lenyewe?"

Kicheko kilianzia barazani kikaja mbele kama maji. Elia alishusha mikono akalikamata gita mahali popote, kama mtu anayekamata kuku. Raheli kule chumbani hakuona kitu. Alisikia watu wanacheka, na hakujua wanamcheka nani. Angeweza kuacha. Hakuacha, aliipiga ile sehemu yote mpaka mwisho, polepole kuliko mazoezini, kicheko chenyewe kikaona aibu kikanyamaza. Niliingia na sauti yangu ya pili.

Baada ya ibada Elia na Raheli waliitwa ofisini, na Isaya akiwapo. Ungedhani wazee watamgeukia Elia. Mzee Mikaeli alimgeukia mwanamke.

"Mama Faraja, umelidanganya kanisa."

Elia alikuwa anatazama zulia. Kisha akafungua kinywa, na hili Isaya amelithibitisha: "Mimi nilimwambia haliwezi kuwa jambo jema."

Raheli hakumtazama hata kidogo. "Mzee," alisema, "mlitaka mtu wa bango, mmempata. Mlitaka gita, mmelipata. Mnadai nini tena?" Akabeba gita lake, akatoka nalo katikati ya watu waliokuwa wananunua kuku kwenye mnada, akalipeleka nyumbani. Tangu siku hiyo hupiga barazani, na hakuna anayethubutu kumwambia ni kelele.

Elia bado anabonyeza. Kelvin na wenzake hawaji tena, na bandarini, nasikia, wanamwita Linajipiga. Watu huniuliza kwa nini Raheli hakuondoka. Nilimuuliza mimi pia. Alisema mtu unamwacha ukiwa bado unamwona, na yeye Elia hamwoni tena. Humpikia, humfulia, humwitikia akiitwa. Mimi naona heri angemtupia sufuria.

Kwetu kwaya hakurudi. Tulituma wajumbe, wakarudishwa na chai na maandazi. Najua ilimuuma, Jumapili ya kwanza nilimwona kasimama uziani tukienda kanisani na sare, akaingia ndani haraka. Sasa tuna mpiga gita wa kukodi, anayepiga huku anasoma simu.

Yeye Jumapili hupanda bodaboda kwenda Mpapura, kwenye kanisa dogo la mabati, ambako akina mama walimwomba awafundishe. Juzi nilikwenda naye. Ibada ilipokwisha walikaa nje wanabangua korosho na kuimba Kimakonde, naye akitafuta nyuzi za kuwafuata, maneno hayajui.

"Wanaimba nini, dada?" aliniuliza.

Nikamwambia: wanamwimba mwanamume aliyetumwa shambani akalala kivulini, jioni akadai chakula kwa jembe lisilo na udongo.

Raheli alicheka, akakaza uzi mmoja, akawaomba waanze upya.