Karanga Nilizozipima Mbichi

Mwanangu, wewe unayehoji kila kitu, kuna siku moja ya kijijini Bugwema ambayo nikiikumbuka nakasirika upya. Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafanya kazi katika maabara ndogo Musoma, na nilimbishia kila mtu: padri, katibu kata, hata baba yangu. Mtu mmoja tu sikumbishia, mimi mwenyewe.

Watoto wa chekechea ya kijiji walikuwa wakiumwa tumbo na kulegea mikono. Akina mama walishuku karanga za shamba la pamoja, lililopakana na mgodi wa dhahabu ulioachwa. Wakagoma kuwapa. Mwenyekiti wa kijiji akaniletea gunia. Nilizimenya, nikaziosha, nikaziunguza mpaka majivu, nikayayeyusha kwa asidi na kupima. Sikuona risasi, ile madini yenye sumu inayolegeza viungo. Nikaandika: karanga ni salama. Mwenyekiti akaibandika karatasi ile mlangoni, akawaita wale mama wazushi, na watoto wakalishwa msimu mzima.

Kisha nikaalikwa kijijini nipongezwe. Mkutanoni akasimama Bibi Nyangeta, mjukuu wake Wegesa, mmoja wa wale waliolegea mikono, mgongoni.

"Wewe msomi, ulizipima zikiwaje?"

"Mbichi, bibi."

"Mbichi! Nani hapa anakulaga mbichi? Sisi panya?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akamwamuru akae, asiitukane serikali.

"Serikali sijaigusa. Namuuliza huyu kijana. Njoo jikoni, baba, uone tunavyokaangaga."

Kwetu karanga hukaangwa ndani ya mchanga wa moto ili zisiungue. Mchanga wa chungu cha chekechea ulikuwa wa kijivu, laini kama unga. Nikamuuliza bibi mchanga ule umetoka wapi.

"Kwenye lundo la mabaki ya mawe yaliyosagwa kule mgodini. Ndio laini kuliko wote."

Vumbi lake lilikuwa limeganda kwenye ngozi nyekundu za karanga, na karanga zilitwangwa hivyo hivyo kutiwa kwenye uji.

Safari hii nilipima zilizokaangwa. Risasi tele! Nikarudi, tukaumwaga mchanga ule, nikaichana karatasi yangu mbele ya mwenyekiti. Unajua alisema nini? Kwamba nimemwaibisha. Mikono ya watoto imelegea, yeye anahesabu aibu yake! Lakini karatasi aliyoibandika niliiandika mimi.

Wegesa sasa ni mtu mzima. Mkono wake wa kulia haukupata nguvu tena. Tukikutana sokoni Bunda hunisalimia kwa wa kushoto, nami naupokea kwa mikono yangu miwili.

Mwanangu, ukipewa kazi ya kupima chakula cha watu, kaa kwanza jikoni mwao. Kipime kama kinavyofika mdomoni. Mama akisema mtoto wake anaumwa, usikubali karatasi yako itumike kumziba mdomo. Na ukikosea, likiri kosa pale pale ulipopigiwa makofi.

Mungu akupe macho makali, na akuletee bibi wa kukuuliza kabla hujatia sahihi.