Fuwele Zilizomkimbia Mholanzi

Mholanzi wetu aligundua umbo la fuwele moja akiwa kijana wa miaka ishirini na saba, akalila umbo hilo hadi mvi. Alikuwa kama mtu aliyewahi kupika sahani moja tamu harusini, halafu akataka akalishwe meza kuu maisha yake yote.

Namwita Mholanzi kwa sababu ndivyo mimi na yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, tulivyomwita. Jina lake sitaki kulichafulia karatasi. Alikuwa mkuu wa maabara ya kemia huko Brussels miaka ya tisini, nami nilikuwa laborantine wake, mtu wa kuosha vyombo, kupima poda na kuotesha fuwele. Nilikuwa na shahada ya kemia kutoka Lubumbashi. Aliitazama mara moja, akanirudishia kwa vidole viwili, akaniuliza kama chuoni kwetu kulikuwa na maji ya bomba.

Historia yake naijua kuliko ya babu yangu. Aliisimulia kila siku saa sita kamili, akila mkate na jibini yake mbele yetu, na hata siku moja hakusema karibu, hata ile ya mdomoni tu. Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mfereji, baba yake mwalimu wa shule. Akiwa mtoto aliyeyusha sukari ya mama yake, akaning'iniza uzi ndani ya gilasi, akapata vipande vinavyong'aa, na papo hapo akajua Mungu amemwumba kwa ajili ya fuwele. Eti! Sisi watoto wa Katanga tulichezea mawe ya kijani yanayong'aa kuliko sukari ya mama yake, na hakuna aliyedai ameitwa. Basi akasoma kwao, akaja Brussels kwa miaka miwili, akabaki zaidi ya ishirini. Kifaransa hakikumwingia. Alipokosea alipandisha sauti ili kosa lisikike kama sheria.

Fuwele yenyewe ilitoka kwenye poda nyeupe isiyo na sumu, na kwa maoni yangu isiyo na faida. Unaiyeyusha kwenye maji ya moto, unaiacha ipoe polepole, inaota mabapa: vipande vyembamba, laini, vyenye pembe sita. Mabapa hayo ndiyo yalikuwa cheo chake, safari zake na picha yake ukutani.

Nilianza kazi mara tu baada ya Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, mwezi wa kumi na moja. Wiki ya kwanza nikafuata daftari lake neno kwa neno. Zikatoka sindano. Nikarudia, sindano. Akarudia mwenyewe mbele ya watu wote, akikunja mikono ya koti lake la sufi, lile ambalo halikuwahi kuona maji. Sindano tupu, chupa nzima. Hapo akageuka akanitazama mimi.

"Miaka ishirini tulikuwa na mabapa," alisema. "Kisha wewe ukaja."

Kuanzia siku hiyo ikawa ndimi uchafu. Mara mafuta yangu ya nywele, mara mafuta ya mwili, mara pondu, mboga ya majani ya muhogo niliyobeba kwenye kopo, ambayo nilikula nje uani kwenye baridi. Haki ya Mungu, mtu mzima, profesa, alisimama nyuma yangu akaninusa! Meza yangu ikahamishiwa kwenye korido, karibu na choo. Mwezi wa tano ikaja barua: mkataba wangu ungekwisha mwezi wa sita na usingeongezwa, kwa sababu za usafi. Kibali changu cha kuishi kilishikamana na mkataba ule. Mkataba ukianguka, nami naondoka, na kwetu wakati ule hapakurudika. Nilisoma barua ile mara mbili, nikaikunja, nikaenda kutafuta vitabu.

Jibu nililipata maktaba, kwenye jarida la zamani lenye kurasa za njano. Mambo haya hutokea, liliandika. Chembe isiyoonekana ya umbo jipya ikiingia mahali, inazifundisha nyingine zote, na umbo la zamani halioti tena hapo. Ni kama chachu ya mikate, ile yetu ya kukaanga. Ukiitia kidogo tu, unga wote umekwisha kufuata.

Sasa chembe ilitoka wapi? Bwana yule alikuwa amejisema mwenyewe, mdomo umejaa jibini. Wiki moja kabla sijaanza kazi alikwenda Uswisi kumtembelea mwenzake, akaonyeshwa poda ileile iliyoota sindano, akapewa kichupa. Kichupa kikampasukia mfukoni mwa koti la sufi. Akalikung'uta koti, akaona kichekesho, akalivaa hivyo hivyo, na ndevu zake zenye vumbi, akaingia maabara. Sisi wote tulilazimishwa kuvaa makoti meupe. Yeye alisema koti lake linajua kemia kuliko sisi.

Nilimwambia. Alicheka hadi makombo yakamdondoka ndevuni.

"Madame, fuwele hizi nimezizaa mimi."

Bon. Nilihitaji mahali ambapo yeye hajakanyaga. Lakini hata mimi nilikuwa nimebeba vumbi lake nguoni miezi saba, kwa hiyo ilitakiwa pia pawe mahali ambapo mimi mwenyewe sijakanyaga. Palikuwa na mahali pamoja tu, nyumbani kwa yaya, kule Evere, pembezoni mwa jiji. Sikuwa nimekwenda kwake tangu kabla ya Toussaint. Kila aliponiita nilimtafutia uongo, mara kazi nyingi, mara mafua. Nikampigia simu. Poda mpya niliiagiza dukani ipelekwe kwake moja kwa moja, imefungwa. Nikamwambia anunue sufuria mpya, mitungi mipya ya kioo na karatasi za kuchujia kahawa.

"Ni chakula?" aliuliza yaya.

"Hapana, usionje."

"Alors, mbona nipike kintu haikuliwe?"

"Ni kwa ajili ya kazi yangu, yaya. Wanataka kunifukuza."

"Bon. Sema."

Yaya wangu alifanya kazi ya kulea wazee, hakuwahi kuingia maabara maishani mwake. Nikamwelekeza kwa simu: koroga hadi iyeyuke yote, chuja, funika, viringisha mitungi ndani ya blanketi kama unavyofanya sufuria ya wali ukingojea wageni. Siku tatu, usiiguse. Siku ya tatu akapiga yeye. Aliponieleza alichokiona, nilipiga vigelegele palepale koridoni, karibu na choo, na watu wakatoa vichwa milangoni.

Mholanzi hakuniamini, lakini alikuja. Njia nzima ndani ya basi alikumbatia mkoba wake utadhani Evere yote imeamka kumwibia mkate wa jibini. Ghorofa ya tatu nikabisha. Yaya akafungua mlango kwa upana wa kiganja tu, mnyororo ukiwa umefungwa, kama nilivyomwambia. Mholanzi akasukuma.

"Papa, bakia kule inje," alisema yaya. "Weye njo muchafu."

"Anasema nini?"

"Anasema wewe ndiye mchafu, Profesa."

Nililisema kwa Kifaransa safi, polepole, ili asikose hata herufi. Ulikuwa utamu ambao bado ninao mdomoni. Alilitazama koti lake, akashika ndevu, uso ukamwiva. Kisha mwanasayansi yule, ambaye hakuwahi kuamini neno langu hata moja, akaketi kwenye ngazi, akafungua daftari juu ya goti na kuomba aelezwe.

"Iko bapa," yaya alisema akiinua mtungi kwenye mwanga wa dirisha. "Nyembamba kama karata. Pembe ni moja, mbili, tatu, ine, tano, sita. Shindano hakuna, hata moya."

"Muulize kama ana uhakika."

Nikamuuliza.

"Mwambie nimepika wali kwa watu makumi mbili, sikukosea hesabu ya sahani. Nitashindwa na sita?"

Akaandika. Alirudia kila neno kwa sauti, mzee wa watu, na kwa kitambo nilikaribia kumhurumia. Kitambo kikapita. Kabla hajauliza la pili nikamwambia aandike kwanza kwamba uchafu haukuwa wangu, atie sahihi. Akatia. Karatasi ile ndiyo iliyoniongezea mkataba miaka miwili. Pole hakusema, wala sikuingojea.

Niliponyosha mkono kupokea karatasi, mwanga wa mlangoni ukanimulika. Yaya akaona.

"Mikono yako ilifanya nini?"

Ilikuwa imepasukapasuka hadi kwenye viwiko, nyekundu, mahali pengine inatoa maji. Ndiyo sababu nilikuwa namkwepa.

"Javel," nikasema, yaani ile dawa kali ya kung'arisha nguo nyeupe. "Nilikuwa najiosha na javel."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu kabla ya Noeli."

"Nani alikuambia ujioshe na javel?"

Mholanzi akainua kalamu. "Anasema nini sasa?"

Mambo mengi mabaya aliniambia, lakini hilo hakuniambia. Javel niliinunua mwenyewe kila Jumamosi, nikaimimina kwenye beseni kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nilijisugua kwa sababu nilimwamini.

"Anauliza kama mitungi ibaki imefunikwa," nikamwambia.

"Ibaki," akasema, akaandika.

Nyuma ya mnyororo yaya alikuwa ameanza kulia, na mimi sikuruhusiwa kuingia kumnyamazisha.